Kofi ya Matumbo, Mbavu za Jirani

Mimi nimechinja kuku wengi, nimeshika mbuzi miguu akitolewa roho, na miaka kumi na tano nilikuwa naosha matumbo pale kichinjio ya Dagoretti, damu inanifika hapa kwa kifundo. Lakini mtu, nilikaribia kuua mmoja tu, na huyo sikutumia kisu. Nilitumia huu mdomo.

Huu mdomo ni shida ya tangu utotoni. Nikisikia mtu akiongea, sauti yake inaingia ndani yangu inakaa, na lazima itoke. Pasta akihubiri asubuhi, jioni pasta ni mimi. Chifu akifoka, mimi nasukuma tumbo mbele hivi, nafoka kumliko. Wamama pale kichinjio walikuwa wananiita shosho, yaani nyanya, na walikuwa wananiwasha kama redio. "Shosho, tuwekee chifu!" Naweka. "Shosho, weka bibi ya pasta akikataa chai!" Naweka hiyo pia, na kidole juu.

Sauti yenye nilikuwa naipenda kushinda zote ni ya mzee wa shoka. Huyo ndiye alikuwa anapasua ng'ombe katikati akining'inia. Kabla shoka ishuke, analia: "Sogeeea! Damu haina macho!" Ukisikia hiyo unaruka, hata kama ulikuwa unaomba Mungu. Kuna jamaa mmoja aliwahi kuchelewa. Vidole tatu zilibaki kwa sakafu na mbwa akakimbia na moja. Tangu siku hiyo hakuna mtu Dagoretti alingoja kuambiwa mara mbili.

Sasa, nilikuwa na jirani. Tulikuwa tumepanga vyumba kwa ploti moja Riruta, ukuta ni wa mabati, nikigeuka kwa kitanda anajua. Amezaa tisa, mimi sita. Wakati tulihamia hapo alikuwa mama mrefu, ananipita kichwa mzima. Halafu akaanza kuisha. Sisemi kukonda, nasema kuisha. Rinda lake likaanza kufagia chini, akalikunja akashona, mwaka ukaisha likafagia tena, akakunja tena. Mgongo ukapinda kama mtu anatafuta sindano. Mimi, badala ya kuuliza kuna nini, nacheka.

"Mwenzangu, Mungu anakurudisha udongoni pole pole. Ameanzia miguu."

"Wewe alikuanzia ukizaliwa," ananijibu, "ndio maana hujawahi kuona juu ya meza."

Hivyo ndivyo tulikuwa tunapendana.

Alikuwa anaishi na kijana yake wa mwisho, na nikisema kijana usifikirie mtoto, ni mtu amepita arobaini, fundi wa kuchomelea mageti huko barabara ya Naivasha. Ile mashine ya kukata chuma ilikuwa imemla masikio, kwa hivyo haongei, anapiga kelele. Akinywa Jumamosi anapiga zaidi. Ploti yote inajua kile amekula. "MAMI! HII NI CHAI AMA NI MAJI YA KUOSHA KIKOMBE?" Na mama yake anajibu chini chini kitu hatusikii, halafu nasikia wote wawili wakicheka. Hiyo ya kucheka nilikuwa nasikia, kwa sababu ukuta ni yangu pia. Lakini hiyo ya kucheka sikuwa nabeba kupeleka Dagoretti.

Kile nilikuwa napeleka ni hii. Wamama wameinama kwa maji baridi, mikono imekufa ganzi, wananiambia, "Shosho, weka fundi." Nasimama. Nafura shingo. "MAMI! HII NI CHAI AMA NI MAJI YA KUOSHA KIKOMBE?" Halafu nachukua tumbo ya ng'ombe, ile nzito yenye iko kama taulo, nairusha kwa simiti: pwaaa! Kofi. Na mimi mwenyewe nalia na sauti ya jirani: "Uuui, kijana yangu, uui!"

Wanacheka mpaka wanashikana.

Hiyo kofi sikuwahi kuisikia. Haikuwahi kupigwa. Niliiweka kwa sababu bila kofi, hadithi ilikuwa inaisha vibaya. Ukweli ni huo, na nimechukua miaka kuusema.

Halafu jirani akavunjika mkono. Niliamka nikamkuta amefungwa plasta kutoka kidole mpaka kiwiko.

"Nini?"

"Nilikuwa natoa sufuria ya githeri kwa jiko. Mkono ikasema tik."

"Sufuria ikakuvunja mkono."

"Tik tu, mwenzangu."

Nikamwangalia. Acha nikuambie kile kilikuwa kwa kichwa yangu. Mzee wangu, Mungu amlaze pahali anastahili, alinivunja huu mfupa wa bega na kigoda, mbele ya watoto, kwa sababu nilimuiga akiwa mlevi na nikamuiga vizuri. Nilienda hospitali. Daktari akaniuliza, "Nini ilifanyika, mama?" Nikasema, "Nilianguka kwa bafu." Ploti yetu ya wakati huo haikuwa na bafu. Daktari akaandika bafu. Wanawake wote kwa ile benchi walikuwa wameanguka, mwingine kwa ngazi na anakaa nyumba ya udongo. Hiyo ni kawaida yetu: mwanamke akivunjwa, anaanguka. Hakuna mtu anauliza mara ya pili, na kila mtu anajua.

Kwa hivyo jirani aliposema sufuria, nilisikia bafu. Nikapeleka Dagoretti. "Leo ni sufuria!" Wamama wakatikisa kichwa, lakini safari hii wengine hawakucheka. Mmoja mwenye alikuwa anauza vichwa na miguu alisema, "Huyo fundi siku moja atakutana na sisi." Nilisikia akisema. Nikarusha tumbo kwa simiti tena, pwaaa, nikaendelea.

Ni wakati huo huo sista alikuja.

Sista alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke wa Ukambani, mdogo, sauti inapita puani, na kila baada ya maneno tatu anauliza, "Mnanisikia, mama zangu? Mnanisikia ama hamnisikii?" Alikusanya wamama wazee kwa ukumbi wa kanisa, Riruta. Tulienda wengi. Tusidanganyane, tulienda kwa sababu ya soda na mkate. Akatundika karatasi kwa ukuta, mifupa ya mtu imesimama bila nyama, akaanza na jina refu la Kizungu lenye lilinipita kama gari.

Halafu akasema kwa Kiswahili. Ati mwanamke akiacha kwenda mwezini, mifupa yake inaanza kuliwa kutoka ndani. Nje unaona mzima, ndani ni mashimo.

Nikainua mkono. "Sista, mimi nikitaka kuona mashimo naangalia barabara ya Naivasha."

Ukumbi ikaanguka na kicheko. Sista akangoja. Akasema tukunywe maziwa badala ya kuuza yote, tukule mboga za terere na managu, tukule omena na mifupa zake.

"Samaki yenye inakuangalia!" mwingine akasema nyuma. Sisi watu wa Kiambu omena ni vita.

Sista akangoja tena. Jasho imemtoka. Akasema, "Mama zangu, hii si mchezo. Mama mzee mwenye mifupa imeisha anaweza kuvunjika mbavu na kukohoa tu. Kukohoa! Mnanisikia ama hamnisikii?"

Mimi nikasimama. Nikakohoa, kho, nikashika mbavu. Nikakohoa tena, kho kho, mguu moja ikalegea. Nikakohoa ya tatu nikaanguka kutoka kwa benchi mpaka chini, pole pole, nikitoa sauti ya sista kwa pua: "Mnanisikia ama mnanizika?"

Nasema watu walilia. Mzee wa kanisa alitoka nje kucheka. Jirani yangu, na plasta yake, alicheka mpaka akasema mgongo inamuuma. Sista alitoa karatasi kwa ukuta, akaikunja. Hakutukana mtu. Aligawa mkate akaenda.

Baada ya hapo, pale kichinjio mtu akikohoa tu, sisi wote: "Shika mbavu!"

Mwezi wa saba ikafika, ile baridi ya Nairobi inaingia kwa mifupa na haitoki. Jirani akashikwa na homa ya kifua. Nilikuwa namsikia kwa ukuta, kho, kho, na hata mimi sikusema shika mbavu. Jumamosi moja jua likatokea kama saa tano. Tulikuwa tumemaliza kazi, tunarudi na mguu, sisi wamama kama kumi, na jamaa wengine wa kichinjio, kila mtu na ndoo yake. Mimi kwa ndoo nilikuwa na kwato mbili, bado ziko na mfupa wa mguu, za kupika supu.

Tulikuwa tumefika kwa geti ya ploti wakati nduru ilitoka. Nduru moja. Nimesikia ng'ombe akipigwa vibaya na kisu ikakosa mshipa, hivyo ndivyo ilikuwa.

Tukakimbia. Fundi alikuwa amesimama kwa mlango, amembeba mama yake na mikono miwili, na mama amejikunja hapo kama nguo imekamuliwa, mdomo wazi, hewa haiingii. Kumbe alikuwa anamtoa nje aote jua. Hiyo ni kitu nilijua baadaye.

"AMEKOHOA!" akapiga kelele, na macho yamemtoka. "AMEKOHOA TU!"

Na kuna mtu nyuma yangu alicheka.

Hicho kicheko nikikikumbuka nasikia baridi hata nikiwa kwa jua. Kwa sababu ni mimi niliwafundisha kucheka hapo. Lakini wakati huo hata mimi sikuwa na akili. Nilisikia kigoda ya mzee wangu kwa bega. Nilisikia bafu. Nilitoa kwato kwa ndoo, nikaishika na mikono miwili kwa ule mfupa, na nikampiga fundi kwa uso.

Jicho ilipasuka. Hapa juu, kwa nyusi, na damu ikateremka mara moja.

Angalia sasa. Mtu akipigwa anafanya nini? Anainua mikono. Huyu hakuinua. Alikuwa amemshika mama. Akapiga magoti, damu inaingia kwa jicho, akamlaza chini pole pole, kichwa mwisho, vile unalaza mtoto mchanga. Nilimpiga ya pili akiwa bado anamlaza. Niliona hiyo mikono na nikapiga.

Halafu wengine wakafika na mimi nikasukumwa kando. Walimvuta na miguu mpaka barabarani. Yule mama wa vichwa alikuwa na jiwe. Jamaa wa kinyozi ya kando ya geti walitoka na vyuma. Watu wenye hawakujua ni nini waliuliza, "Amefanya nini?" wakajibiwa, "Anaua mama yake!" na wakaokota. Nilisikia mguu wake ikivunjika. Hiyo sauti naijua, ni kazi yangu, mfupa mzima wa mtu mwenye nguvu unalia kama mbao. Mtu akapiga kelele, "Tairi! Leteni tairi tumchome!" na mwingine alikuwa ameshaenda kuleta.

Mimi nilikuwa nimebaki kwa mlango. Jirani akashika rinda langu.

"Nilikohoa," akasema. Alikuwa anatoa neno moja kwa pumzi moja. "Mwenzangu. Alinibeba. Nikakohoa. Ikasema tik."

"Nyamaza, usimfiche."

"Mkono pia. Ilikuwa sufuria." Akanivuta chini mpaka uso wangu ukafika kwake. "Hajawahi. Hata siku moja. Wewe unalala hapo kwa ukuta. Ulisikia kofi lini?"

Nikajaribu kutoa rinda kwa mkono yake.

"Ulisikia lini?"

Nikaangalia ule ukuta wa mabati.

"Basi enda uwaambie," akasema. "Wewe ndio redio."

Nilikimbia vile sikuwa nimekimbia miaka ishirini. Barabarani watu walikuwa wamefunga duara, naona migongo tu. Nikalia, "Wacheni! Hakumpiga! Mama amesema hakumpiga!" Jamaa mmoja akageuka akaniambia na huruma kabisa, "Shosho, enda nyumbani. Wamama husema hivyo." Na ni ukweli, tunasemanga hivyo. Nililia tena. Nikawa mwanamke mzee mmoja anapiga nduru katikati ya nduru. Tairi ilikuwa inakuja, naiona ikiviringika huko kwa duka la kuni, na jerikeni nyuma yake.

Basi nikasimama. Nikafura kifua. Nikatoa ile sauti kutoka chini ya tumbo.

"SOGEEEA! DAMU HAINA MACHO!"

Nusu ya hao watu ni wa kichinjio. Waliruka. Hawakufikiria, miguu zao ndizo ziliruka, na wale wengine wakaruka kwa sababu hawa wameruka. Duara ikafunguka. Nikapita hapo katikati nikajitupa juu ya fundi, na mkono mbele hivi ya kujizuia.

Tik.

Nilisikia kabla ya kuumwa. Kama kijiti cha kuwashia moto.

Nikainua uso. Fundi alikuwa chini yangu, uso ni damu na mchanga, anapumua na povu. Watu wanarudi. Nikasema, "Ngojeni! Mnajua hii?" Nikafura shingo, na mkono unaning'inia. "MAMI! HII NI CHAI AMA NI MAJI YA KUOSHA KIKOMBE?" Halafu na ule mkono mzima nikapiga paja yangu, pwaaa. "Mnaijua hiyo kofi? Wewe mama wa vichwa, uliisikia wapi?"

Akasema, "Kwako."

"Na wewe?"

"Kwako, shosho."

"Kuna mtu aliisikia kwa mlango ya fundi? Mmoja ajitokeze. Hiyo kofi ni yangu. Ni tumbo ya ng'ombe. Huyu mtu mnaua kwa sababu ya matumbo!"

Halafu kinyozi mmoja akaona mkono wangu, umepinda kama kijiko. "Nani amepiga shosho?" akauliza. "Ni nani amevunja shosho mkono?"

"Si mimi!"

"Wewe ndio ulikuwa karibu na chuma!"

"Mimi? Wewe na jiwe hiyo!"

Wakashikana makoo. Walikuwa wanataka kuchomana na ile tairi sasa. Nikawaambia, "Hakuna mtu amenipiga, wajinga nyinyi! Nimeanguka!" Na wakaniangalia vile daktari aliniangalia miaka ile. Hakuna mtu aliamini. Mara moja kwa maisha yangu nimesema nilianguka na nimeanguka kweli.

Pikapu ya kichinjio ilitubeba sisi watatu, kwa ile sehemu ya nyama. Jirani katikati, fundi upande huu, mimi upande huu. Kila shimo tukilia kwa zamu.

Hospitali tukamkuta sista. Alikuwa amekuja kuona mgonjwa mwingine. Akashika zile picha za eksirei kwa dirisha akanionyesha: uti wa mgongo wa jirani, mifupa tatu imelaliana kama mikate imekaliwa, na mbavu mbili zimekatika. Halafu picha yangu. "Mama, ona hapa ndani." Niliona. Ilikuwa karibu nyeusi, pale ingefaa kuwa nyeupe.

Nilingoja aniambie yale maneno yake ya mnanisikia ama hamnisikii. Nilitaka aniambie. Nilitaka akohoe mbele yangu aanguke kwa benchi. Akaniuliza tu, "Mama, uliangushwa ama ulianguka?"

"Nilianguka."

"Nitakuuliza tena kesho, hawa wengine wakiwa hawako."

Tangu siku hiyo nilijua huyu ni mtu.

Fundi alikaa huko wiki nyingi. Hakukufa. Mguu ulipona mfupi, na jicho ya kushoto inaona tu mwanga. Jirani alirudi nyumbani lakini hakusimama tena, na kipupwe kilichofuata kifua kikamchukua. Nilimuosha mimi. Alikuwa mwepesi hivi, nilimgeuza na mkono mmoja.

Sista alikuja kunitafuta. Aliniuliza, "Mama, nitaongea aje ndio wamama wanisikie?"

Nikamwambia, kwanza toa karatasi. Pili, usituite kanisani, huko tunakujanga tumevaa vizuri na hatutaki kuaibika. Kuja Dagoretti saa nne, wakati tumemaliza, mikono inauma na kila mtu anasema ukweli.

Na hivyo ndivyo tulifanya. Nilimwambia mzee wa shoka atuwekee mifupa mbili ya paja. Moja ya fahali mchanga. Nyingine ya ng'ombe mzee wa maziwa, ule amekamuliwa miaka kumi, anazaa anakamuliwa, anakula majani ya kando ya barabara. Watu wa shoka wanajua hiyo tofauti tangu zamani, lakini nani aliwahi kuwauliza? Akapiga ya fahali: shoka ikaruka ikarudi. Mara tatu ndio ikaachilia. Akapiga ya ng'ombe mzee mara moja, ikasema kshh, ikafunguka, na ndani ni kama sega la nyuki lenye asali imeisha.

Mama wa vichwa akaishika, akaingiza kidole kwa mashimo. Akauliza pole pole, "Huyu alizaa mara ngapi?"

Sista hakuuliza kama wanamsikia. Aliona wanamsikia.

Halafu tukasimamisha kila mama kwa ile nguzo ya kutundikia ngozi, tukachora alama na makaa pale kichwa yake inafika. Mwaka ukipita unasimama tena. Ukiwa umeshuka chini ya makaa, sista anakupeleka kupimwa. Wamama walikuwa wanagombana hapo, "Umesimama na kidole!" Walianza kubakisha maziwa kikombe kimoja nyumbani. Omena walikula wakiwa wamefunga macho. Nyuma ya banda la ngozi sista alikuwa na kiti, na kila mwenye aliwahi kuvunjika anaketi peke yake, anaulizwa ile ya kuanguka na kuangushwa. Wengine walitoka hapo wamelia.

Gunia ya mifupa ilikuwa nzito na mkono wangu haukuwa na nguvu tena. Sista akasema amepata mtu wa kubeba. Nikaona ni fundi, anakuja akichechemea. Hakunisalimia. Akaweka gunia kwa bega. Tulizunguka hivyo karibu mwaka, Dagoretti, Kawangware, Uthiru, yeye mbele na mimi nyuma. Kila mahali nilikuwa nasimulia ile hadithi ya mama mwenye alikohoa. Kila mahali nilikuwa nasema, "Halafu mtu mmoja akampiga kijana na kwato." Mtu mmoja. Yeye amesimama hapo na gunia, jicho moja imefunga.

Siku moja sista akatupeleka Westlands, kwa hoteli ndefu ya vioo, sakafu inang'aa unajiona mpaka suruali ya ndani. Kulikuwa na madaktari na watu wa misaada. Walitaka kuona vile tunafanya. Nikafanya. Nikakohoa, nikaita shoka, hakukuwa na mzee wa shoka lakini waliruka kidogo hata hao. Mwanamke mmoja wa suti akauliza, Kiswahili yake ni ya redio safi: "Nyanya, samahani. Huyo mtu wa kwanza kumpiga, je, alijulikana?"

Mtu hakuwahi kuniuliza hivyo. Kule kwetu hawaulizi.

Niliangalia nyuma. Fundi alikuwa kwa mlango, na gunia. Masikio yake ni mabovu, nikafikiria pengine hajasikia. Nikajua ningeweza kusema hapana, na tungeenda kukula keki yao.

Nikainua mkono. Ule uliopinda.

"Ni huu," nikasema. "Mara mbili. Ya pili alikuwa anamlaza mama yake chini."

Halafu kutoka kwa mlango, na ile sauti yake, mpaka vioo zikatetemeka:

"NA MAMI ALIKUWA AMECHEKA! NILIPOMBEBA ALIKUWA ANACHEKA, NDIO AKAKOHOA! HIYO HUSEMANGI!"

Watu wakageuka. Mimi nikasema, "Sikujua hiyo."

"SASA UNAJUA."

Tulitoka bila keki. Kwa ngazi nilisimama, kwa sababu zile ngazi zao zilikuwa zimepigwa maji na mtu wa kufagia, na viatu vyangu ni vya plastiki. Fundi alikuwa ameshashuka mbili. Akarudi, akahamisha gunia bega lingine, akanitolea kiwiko.

"SHIKA HAPA," akasema. "HII SAKAFU ITAKUUA."

Nikashika. Tukashuka moja moja, mifupa ya ng'ombe inagongana kwa gunia, na mpaka chini sikuiga mtu.